Kibanda cha Wawili Tu

Jina la ukoo wa mume wangu nimelibeba miaka thelathini na minne, kumi na moja kati ya hiyo nikiwa mjane, na sijawahi kulitua hata siku moja. Nimewafundisha fizikia wasichana wa sekondari mpaka nikastaafu, na hakuna aliyewahi kuniona nimesimama dukani nikipiga soga na kanga imelegea. Nayasema haya mapema ili atakayesoma asidhani namtetea wifi yangu kwa kuwa sijui aibu ni nini. Aibu naijua vizuri. Ndiyo maana naweza pia kuwaambia watu mahali ambapo haipo.

Wifi yangu, mdogo wa marehemu, mjini kwetu anaitwa Bi Wawili. Wengine hulitaja jina hilo wakicheka, wengine wakibinua midomo. Wanaocheka nawasalimu. Haya nawaandikia wanaobinua.

Mji wetu unaishi kwa bustani ya michezo. Ukiitoa bustani, inabaki stesheni, hospitali na shule mbili. Kila asubuhi treni inashusha wageni, na wengi wao wako wawiliwawili: maharusi walio kwenye fungate, wachumba, watu wazima waliowaacha wajukuu kwa majirani. Wanaingia getini wameshikana mikono. Ikifika saa nane mchana utawaona wanatoka mmoja mbele mwingine nyuma, kama watu waliotoka mahakamani.

Wifi aliyatazama hayo kwa miaka kumi na tisa kupitia dirisha la kukatia tiketi za gurudumu kubwa, lile linalozunguka na vyumba vyake vya vioo mpaka juu ya mapaa yote ya mji. Kazi hiyo wengine huifanya wakisinzia. Yeye aliifanya kama daktari anayetazama wagonjwa wakipita dirishani.

"Wifi," aliniambia siku moja, "watu hawagombani huku kwa sababu hawapendani. Wanagombana kwa sababu wana njaa, viatu vinabana, na kila mmoja anamngoja mwenzake aseme tuondoke."

"Sasa wewe yanakuhusu nini? Kata tiketi."

"Nakata. Lakini macho nayo sikuyaacha nyumbani."

Alipoacha dirisha lile alifungua kibanda cha mbao nje ya geti, si kikubwa kuliko kabati la nguo. Juu yake bango: MATEMBEZI YA WAWILI. Chini ya maneno hayo, jina la ukoo. Chini kabisa, kwa herufi nyekundu: Wawili tu. Na wawili ni wawili. Ukija na mama mkwe, mama mkwe atapewa kiti na chai, ratiba hapewi.

Nitaeleza anavyofanya kazi, maana wanaomsema hawajawahi hata kukaa pale. Mbele ya kibanda yapo mabenchi mawili yaliyopeana mgongo. Mume huku, mke kule. Kila mmoja anapewa penseli na kipande cha karatasi, ajibu maswali matatu: Nini kinakuchosha? Nini kinakuogopesha? Kitu gani unakipenda na hujawahi kumwambia mwenzako? Hakuna kuchunguliana. Wifi anazisoma zote mbili, anazitia kwenye mfuko wa aproni, kisha anaandika kadi moja ya ratiba ya siku nzima. Jioni zile karatasi anazichoma kwenye jiko lake la mkaa. Hajapata kumwambia mtu yeyote ya mwingine, hata mimi, na nilishamjaribu.

Kadi zake si za kubahatisha. Kila njia anaitembea mwenyewe kabla ya kumpeleka mtu. Waoga wa urefu anawapeleka kwanza jumba la vioo, mmoja amefumba macho, mwingine anamwongoza kwa mkono. Wakitoka pale kila mmoja anajua mwenzake anamwamini kiasi gani. Mume mwenye amri nyingi anapandishwa gari la kugongana, lakini kwenye kiti cha abiria. Wasioongea anawapeleka posta, kila mmoja amwandikie mwenzake barua itakayowakuta nyumbani wiki ijayo, wameshasahau walichoandika. Waliochoka wanakwenda uani nyuma ya karakana ya bustani, pale mafundi wa nguo wanapoanika mavazi ya wanyama, yale wanayovaa watu wa kucheza na watoto. Simba ananing'inia miguu juu, anadondosha maji ya sabuni. Tembo ametolewa kichwa, kichwa kimewekwa kwenye ndoo kikauke. Wifi anasema hajaona watu wawili waliokaa pale robo saa wakatoka wamenuna.

Na gurudumu ni la mwisho, daima.

"Kule juu hakuna pa kukimbilia," husema. "Mtu asipelekwe kule kabla hajawa na la kusema."

Maneno yalianzia pale uani. Mtu aliwaona wawili wakiingia nyuma ya karakana, akamwambia mwingine, na yule mwingine akaongeza chumvi. Wiki haikwisha, mjini ikasemwa kwamba Bi Wawili anawapeleka watu mafichoni. Wapo waliompa na jina la kazi hiyo. Sitaliandika hapa.

Mwezi huohuo leseni ya kibanda ilikuwa imefika wakati wa kuhuishwa. Leseni ile mume wangu aliichukua kwa jina lake, kama zawadi kwa dada yake, na alipofariki ikaja kwangu mimi mrithi. Kila mwaka natia sahihi. Nisipotia, kibanda kinang'olewa. Safari hii fomu ilitakiwa ofisini Jumatatu, na siku tano kabla, shemeji yangu akanijia sebuleni amevaa tai.

Huyu ni mdogo wao wa mwisho, mkaguzi wa shule. Wifi ni dada yake, lakini ukimsikia anavyomtaja utadhani ni mwalimu aliyechelewa kazini. Wakati huo jina lake lilikuwa limependekezwa kwa uenyekiti wa bodi ya shule ya wasichana.

"Shemeji," alianza, chai hajaigusa, "sitazunguka. Fomu ile usiitie sahihi."

"Sababu?"

"Unaijua. Jina letu liko kwenye bango lile. Wewe ndiye uliyebaki kulilinda. Kaka angekuwepo..."

"Kaka yako ndiye aliyelipaka rangi bango lile. Kwa mkono wake."

"Wakati ule hakukuwa na maneno. Sasa yapo. Shemeji, wewe ni msomi. Mtu anawauliza waume za watu wanaogopa nini! Hiyo ni kazi?"

Ukweli usemwe: sikumpinga sana. Mimi mwenyewe kibanda kile sikukipenda. Nilikuwa nikipita ng'ambo ya barabara nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nilikuwa nikitia sahihi kwa ajili ya marehemu, basi. Nikamwambia, "Sitii sahihi wala siachi kwa maneno ya watu. Kesho Alhamisi nakwenda kutazama kwa macho yangu."

"Nami nitakuwepo," alisema. "Ukaguzi haufanywi na mtu mmoja."

Alikuja na mkewe. Mama huyu ni mpole, mfupi, tumezoeana miaka mingi bila kuzungumza mengi. Alifika hatua kumi nyuma ya mumewe, kama kawaida. Tangu waoane hivyo ndivyo wanavyotembea: mkaguzi mbele na mkoba wake, mama nyuma, na watu wa mji wamezoea kiasi kwamba wakimwona mkaguzi hawageuki kuangalia kama mkewe yupo. Jua lilikuwa kali na mama amekuja kichwa wazi. Nikamvika kofia yangu pana ya ukindu na miwani yangu nyeusi.

Wifi alitupokea amejifunga aproni, penseli sikioni.

"Wageni wangu! Mmekuja kunifunga au kutembea?"

"Tumekuja kukagua," alisema shemeji.

"Sawa, lakini hapa hakikaguliwi kitu kwa kusimama. Mdogo wangu, kaa benchi lile. Wifi yangu mwenye kofia, wewe hili."

"Dada, mimi si mteja."

"Basi nenda zako. Ukiulizwa uliona nini, utasema uliona mbao na misumari."

Shemeji alinitazama. Mimi nikatazama gurudumu. Akaketi.

Aliandika upesi, kama anayejaza ripoti. Mkewe alichukua muda. Aliandika, akafuta kwa kidole, akaandika tena, na alipokuwa akirudisha karatasi mkono wake ulibaki umeishika kidogo kabla ya kuiachia. Wifi alisoma zote mbili bila kubadilisha uso. Kisha akaandika kadi, akamkabidhi mkewe badala ya mume.

"Mwenye kadi ndiye kiongozi," alisema. "Kwanza mashua za kukanyaga pedali. Ngazi zake zinateleza, mdogo wangu, kwa hiyo mshike mkeo, usimwache ashike kamba ya ngazi peke yake. Mtembee bega kwa bega. Nikikuona mbele yake, naifuta kadi."

"Nina miaka hamsini na minane!"

"Najua. Nilikuwepo ulipozaliwa, ulilia hivyohivyo."

Wakaondoka. Shemeji alikuwa akijisahau, miguu inamtoroka kwenda mbele, kisha anakumbuka anasimama, mkewe anamfikia. Nilijizuia nisicheke mpaka wakapotea nyuma ya foleni ya jumba la vioo.

Mimi nikabaki kibandani. Sina wa kwenda naye, na sheria ya wifi niliijua. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yale niliyoyapanga: kwamba heshima ni kama glasi, na kadhalika. Yeye hakunipa nafasi. Alifungua kopo la bati, akatoa kipande kimoja cha karatasi ya tiketi, ile nyembamba ya zamani, imekuwa ya manjano.

"Karatasi za watu nazichoma," alisema. "Hii moja sikuichoma. Nilikuwa nangoja siku utakayokuja mwenyewe."

Mwandiko ule ningeutambua hata gizani. Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Aliacha shule mapema ili wadogo zake wasome, huyu mkaguzi akiwa mmoja wao, na herufi zake zilisimama wima kama mataruma ya reli yaliyosimamishwa. Chini ya maswali matatu alikuwa ameandika:

Nini kinakuchosha: kujifanya nimeelewa.
Nini kinakuogopesha: ataniona mjinga.
Unachokipenda hujamwambia: anavyonisahihisha.

"Ulikuwa mwaka wenu wa pili," alisema wifi. "Alikuja dirishani kwangu, amenuna. Akasema, mke wangu ni msomi, hapendi kelele, kila ninapompeleka anaangalia saa. Hakukuwa na kibanda wala benchi. Nikamwambia andika hapo nyuma ya tiketi. Nikasoma. Nikamwambia, mpeleke asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, akaone mifuko ya mchanga."

Hapo nikaketi kwenye benchi.

Maana asubuhi ile ndiyo asubuhi njema kuliko zote za ndoa yangu. Mafundi wanaoendesha treni ya mteremko, ule mchezo wa bustani unaopinduka hewani, hawampandishi mtu kabla hawajaijaribu, na kila kiti wanakifunga mfuko wa mchanga wenye uzito wa mtu. Tulisimama kwenye uzio, umande miguuni, tukiwatazama abiria wale wa gunia wakipanda kilima kimyakimya, wakageuzwa vichwa chini, wakarudi wamekaa vilevile. Mume wangu akaninong'oneza, "Unaona, mwalimu? Hawa ndio wanafunzi uliokuwa ukiwaomba." Nilicheka mpaka nikashika waya. Kisha akaniuliza kwa nini hawadondoki treni inapopinduka, nami nikamchorea kwenye vumbi kwa kijiti. Akakosea makusudi. Nikamsahihisha. Tukachelewa kazini wote wawili.

Kwa miaka thelathini na miwili niliamini ni yeye aliyeliwaza jambo lile.

Nilikasirika kwanza, siwafichi. Ni kama kuambiwa kwamba barua uliyoihifadhi chini ya mto iliandikwa na jirani. Wifi alinisoma usoni, akasema, "Mimi nilitaja mchanga tu, wifi. Ya wanafunzi na ya kuchora kwenye vumbi siyajui. Hayo ni yake."

Nilikunja ile karatasi nikaitia kwenye mkoba, na hakuniomba nimrudishie.

Wale wawili walirudi alasiri, kutoka kwenye gurudumu. Shemeji alikuwa hana tai. Kumbe alipofika uani kwenye mavazi aliingia kwa kunyata ili awafumanie wakosaji. Akamkuta simba anadondosha maji na fundi wa nguo akishona mkia. Mkono wa vazi la tembo ukamwangukia begani, akapiga ukelele. Tai ililowa.

"Umeona machafu?" nikamuuliza.

"Sijaona," alisema. "Lakini msimamo wangu haujabadilika. Watu wanasema."

Mkewe alinirudishia miwani. Kofia aliisahau kichwani mpaka tulipofika nyumbani kwangu, akaitundika kwenye msumari wa mlangoni.

Kikao tulikiweka Jumapili mchana, sebuleni kwangu: mimi, wifi, shemeji na mkewe. Fomu ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi. Shemeji alikuwa amesimama tayari kuanza, mara hodi ikabishwa. Ni katibu wa bodi ya shule, mtu mzito, mpenda haki. Alipomwona mkaguzi ndani akarudi hatua moja.

"Mwalimu, nilikuwa na neno na wewe peke yako. Linahusu heshima ya familia."

"Heshima ya familia hii inazungumzwa mbele ya familia," nikamwambia. "Karibu, kaa, useme."

"Ni zito."

"Viti vyangu ni imara."

Akaketi kwenye ncha ya kiti. "Basi mtaniwia radhi. Alhamisi mkaguzi ameonekana bustanini na mwanamke. Mimi mwenyewe nimemwona. Amemshika kiuno kwenye ngazi za mashua. Wamekula aiskrimu moja, kijiko kimoja. Wakatoka nyuma ya karakana, mkaguzi hana tai. Mtu anayetaka uenyekiti wa shule ya wasichana!"

Shemeji alifungua mdomo kama samaki aliyetolewa majini.

"Mwanamke gani?" nikauliza.

"Si wa hapa. Mgeni. Kofia kubwa, miwani nyeusi. Anacheka mpaka watu wanageuka."

"Nilicheka hivyo?" aliuliza mke wa mkaguzi.

Katibu hakuelewa. Mama akainuka, akaenda mlangoni, akaichukua kofia yangu msumarini, akaivaa, akarudi akasimama mbele yake.

"Ni huyu?"

Katibu alimtazama, akamtazama mkaguzi, akamtazama tena mama. "Lakini... mama, wewe ni..."

"Mkewe. Ndiyo."

"Mbona hatujawahi kuwaona..."

"Pamoja? Hilo muulize mkaguzi. Mimi huwa niko nyuma sana, sisikii anachowajibu watu."

Wifi aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Nikamgeukia shemeji. "Haya. Jina lako liko mikononi mwako. Mweleze katibu ulikuwa wapi, na nani, na kwa ratiba ya nani."

Sauti ilimtoka nyembamba. "Nilikuwa na mke wangu. Ratiba tulipangiwa na dada. Kibandani."

"Kibanda gani?" nikamuuliza.

"Kibanda cha dada yangu. Ni mahali... ni mahali pa heshima."

"Katibu hajasikia vizuri," nikasema, "ana nywele masikioni."

"Pa heshima!" alipiga kelele.

Katibu aliomba radhi mara nne, na alipofika mlangoni akamuuliza wifi, kwa sauti ya chini, kama Jumanne huwa anafungua.

Alipokwisha kutoka, shemeji akaketi, akajipangusa uso. "Basi, shemeji," alisema, "kwa mazingira haya, nadhani unaweza kutia sahihi."

Nikaigeuza fomu. Sahihi ilikuwa pale tangu Ijumaa asubuhi, na tarehe yake. Sikungoja ruhusa yake, wala sikungoja aibishwe ndipo nijue la kufanya. Anayesimulia mjini kwamba kibanda kilipona kwa bahati ya kofia, na ajue hivyo.

"Kaka yako alikaa kwenye benchi lile la kibandani kabla halijawa benchi," nikamwambia. "Ukitaka kujua zaidi, kamuulize dada yako. Hatakwambia."

Mkewe akacheka tena, na safari hii nilielewa kwa nini watu waligeuka.

Jumatatu fomu niliipeleka mwenyewe, kwa miguu, kwenye barabara kuu, upande ule wa kibanda. Nikitoka ofisini nilimpitia mchoraji mabango. Alikuja kibandani na ngazi, akaniuliza achore upya nini.

"Jina," nikamwambia. "Limepaushwa na jua. Ulifanye kubwa kuliko neno matembezi."

"Kubwa kiasi gani, mama?"

Nikamwonyesha gurudumu, vyumba vya juu kabisa, pale watu wanapokaa wakiwa hawana pa kukimbilia.

"Walisome wakiwa kule."